Siku Tuliyomwaga Funguo Mezani

Nyinyi mliovalishwa kofia nyeupe za wasimamizi juzi juzi, mnaoitwa "shefu", yaani mkuu wa kazi, na watu ambao mwaka jana walikuwa wakiwatuma maji ya kunywa, maneno haya ni yenu. Mwingine akitaka kusikiliza, karibu, sifungi mlango. Mimi ni Mama Ngoie wa mtaa wa Kapata. Nimefanya kazi ya ufundi wa mitambo migodini, kuanzia enzi za kampuni iliyotujengea nyumba hizi za mistari hadi kwa wawekezaji waliokuja baadaye. Nilitengeneza ile mikanda mirefu inayobeba mawe ya shaba kutoka kwenye kisagio hadi kiwandani, kisha nikawekwa kuwa mkuu wa kikosi cha mafundi wa mikanda hiyo. Sasa nimestaafu. Magoti yangu yanajua mvua inakuja kabla ya redio kusema.

Aliyeniamsha kusema ni Nadine, binti wa jirani yangu. Amepewa ushefu katika karakana moja ya huko mjini, na siku ya mapumziko alikuja kwangu akiwa na furaha, simu mkononi. Akanionyesha picha: mzee mmoja mwenye mvi amesimama ukutani, ameshika karatasi kifuani iliyoandikwa "Nilichelewa." Picha ile ilikuwa imetumwa kwenye kundi la simu la wafanyakazi wote.

"Mama, angalia," akaniambia. "Tangu nilitia foto ya huyu tata, batu bote banafika mbele ya saa."

"Huyu tata iko na batoto?"

"Bakubwa. Moya anatumika kazi na sisi."

"Basi mutoto wake ameona baba yake vile."

Nikamuuliza tena, "Na makosa yenye hauone, mutoto yangu? Ile yenye inafanyikaka nyuma ya mashini? Nani anakuyaka kukuambia?" Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa njia ya mji asioujua. Nikamwambia avute kiti, nikaenda kuweka maji ya chai motoni, maana nilijua hadithi itakuwa ndefu.

Kwanza nilimwambia habari za msimamizi wangu wa kwanza. Sisi tulimwita Radi, na ukimsikia mara moja ulielewa sababu. Ukikosea, Radi alikuvua kofia yako ya kazi na kuitundika kwenye msumari mlangoni pa kantini, kila mtu apite na sahani yake aione. Wengine walicheka, wengine waliinamisha macho kwenye bukari, yaani ugali wao. Radi aliamini kwamba ametunyoosha, na kweli tulinyooka, mbele yake. Siku moja fundi mmoja aliangusha spana ndani ya sanduku la gia. Angesema, ingetolewa kwa sumaku na kazi ingeendelea. Lakini aliwaza msumari. Akafunga kifuniko, akakaza boliti zote vizuri kabisa, akaenda nyumbani kulala. Kesho yake gia zikajitafuna meno mpaka zikabaki vibogoyo. Radi akatupanga mstari, akapiga kelele hadi mishipa ikamsimama shingoni. Nani? Nani? Tuliangalia viatu vyetu. Mpaka leo mimi sijui ni nani, na Radi alistaafu bila kujua.

Baada yake akaja Tata Kazadi. Mfupi, sauti ya chini, chai yake sukari tupu. Huyo, mtu akikosea, hakumwita ofisini. Alitembea naye mpaka kwenye mashini yenyewe, akatafuta mahali pa kukaa, akasema, "Tuanziye asubui. Uliamukaka namna gani leo?" Ukicheka, anangoja umalize kucheka. Basi unaanza: niliamka, nilioga, sikukuta pikipiki, nilifika, nilichukua vyombo. Ukifika penye kosa lenyewe tayari umeshaona mwenyewe pale ulipoanza kupotoka, na mara nyingi ni mbali sana na pale mashini ilipoharibikia.

Aliwahi kumkuta mwenzetu mmoja amelala nyuma ya kisagio wakati wa kazi. Kwa kanuni yoyote hilo ni kosa, tena la hatari. Kwa kumuanzisha asubuhi, Tata Kazadi akajua kwamba mke wa yule bwana amelazwa, na kwamba anatoka hospitali kwa miguu mpaka kazini bila kupitia kitandani. Mnadhani alimsamehe? Alimwandikia onyo, likaingia kwenye faili. Kisha siku hiyo hiyo akambadilishia zamu ili apate kulala. Nilimuuliza mbona anamuuma na kumpuliza. Akanishangaa kweli kweli. "Alilala ku mashini, nimuache? Bibi yake anagonjwa, nimuache?" Kwake hayo yalikuwa mambo mawili na kila moja lilitaka jibu lake. Nilimpenda sana mzee yule.

Nyinyi mmeingia kazini na karatasi ile ya demande d'explication, ile ambayo mfanyakazi anatakiwa aeleze kwa maandishi kwa nini alifanya alichofanya. Karatasi si mbaya. Ila angalieni isije ikawa ndiyo inazungumza badala ya watu. Nilipokuwa mpya kwenye ushefu, mafundi wangu wawili walichelewa siku moja, nikawapa demande wote wawili. Majibu yakaja kwa Kifaransa cha kuvaa suti, ya "nina heshima kuu kujongea mbele ya mamlaka yako ya juu." Nikasoma la kwanza: mama mkwe wake ametumbukia kisimani. Nikasikitika. Nikasoma la pili: mama mkwe ametumbukia kisimani. Maneno yale yale, kisima kile kile. Kumbe wote walikwenda kwa mwandishi mmoja wa barua kule Dilala, karibu na soko, naye siku hiyo alikuwa na haraka. Na yule wa pili hakuwa hata na mchumba.

Sikuwasomea mbele ya watu. Niliwakalisha wawili, nikawabadilishia barua, kila mmoja asome ya mwenzake. Walicheka mpaka yule kapera akajifuta machozi na mkono wa ovaroli. Kisha nikasema, sasa nielezeni kwa Kiswahili chetu, kutoka asubuhi. Tangu siku hiyo mtu wangu aliniambia kwanza kwa mdomo, na karatasi ikafuata nyuma. Onyo walilipata pia, msidhani kicheko kinafuta kosa.

Haya, sasa nifike kwa Kalenga na Assani, maana ndio hasa niliotaka Nadine awajue.

Kabla fundi hajagusa mkanda, umeme unakatwa kwenye kabini, kile chumba cha swichi. Halafu kila fundi anayeingia kazini hapo anafunga kufuli lake mwenyewe penye swichi ile kubwa, lenye jina lake. Kama mafundi ni watano, makufuli matano. Mkanda hauwezi kuwaka mpaka kila kufuli limeondoka, na kila mmoja anaondoa la kwake kwa mkono wake, na ufunguo anatembea nao mfukoni. Yaani kufuli lile linasema: mimi bado niko ndani, usiniue. Ndiyo maana kanuni ya kampuni ilikuwa fupi. Anayefungua kufuli la mwenzake anafukuzwa kazi siku hiyo hiyo.

Assani alikuwa wa familia ya Kiislamu iliyotoka mashariki, upande wa Maniema. Kaka zake wote ni wasafirishaji, wana malori yanayokwenda mpaka mpakani. Yeye peke yake ndiye aliyependa spana. Kalenga alikuwa Mluba kama mimi, mwimbaji wa kwaya, mtu wa sauti nzito na moyo laini. Waliingia kazini pamoja, na walikula sahani moja. Mwezi wa Ramadhani Kalenga alikuwa anakwenda kulia chakula chake mbali, nyuma ya stoo, ili mwenzake asione. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Sasa wapendanao namna hii wana makosa yao, na wanayafanya kwa upendo. Ijumaa, saa ya sala, Assani alikuwa anaondoka kwenda msikitini. Kufuli lake linabaki limefungwa. Kazi ikimalizika kabla hajarudi, mkanda mzima unabaki umesimama, na watu wa chumba cha kuongozea mitambo wanaanza kupiga simu. Assani hakutaka wenzake wasemwe kwa ajili ya dini yake. Akawa anamwachia Kalenga ufunguo. "Shika, ndugu. Mukimaliza, unifungulie." Kwao ilikuwa heshima, sawa na kumwachia mtu mtoto wako amwangalie. Mimi sikuwa na habari. Kosa likifanywa kwa adabu namna hiyo halipigi kelele.

Ijumaa moja sala ilikwisha mapema. Assani akapata lifti kwenye lori la kaka yake, akaingia kwa geti la chini, lile lililo karibu na ncha ya mkanda. Alipofika pale akakumbuka spana yake ameiacha chini ya ngoma, ile inayouzungusha mkanda. Akatambaa kuingia. Kwa nini aogope? Mkanda umesimama, basi kufuli lake bado lipo. Upande wa juu, Kalenga alikuwa amemaliza kazi, anahesabu watu: huyu yupo, huyu yupo, Assani yuko msikitini. Simu inalia, wanataka mawe. Akatoa kufuli lake, akatoa na la Assani, akasema washeni.

King'ora cha kuonya kililia kwanza, kama kawaida. Assani alikisikia akiwa tumboni mwa mkanda. Alijirusha nje, na mkanda ukamchukulia spana na kipande cha ovaroli begani. Ngozi haikuguswa. Alipanda juu akiwa mweupe kwa vumbi, akamkuta Kalenga na funguo mbili mkononi, na wote wawili wakaelewa. Kalenga alikaa chini pale pale. Hakuna mwingine aliyeona. Wakakubaliana wanyamaze, maana kusema ni kufukuzwa.

Hayo yote niliyajua wiki moja baadaye. Ijumaa iliyofuata Kalenga alikuja kunitafuta kwenye kibanda changu, kofia mkononi. Nikafunga mlango, nikampa kiti. "Tuanziye asubui," nikamwambia.

Akanieleza yote. Alipofika mwisho akasema, "Leo Assani amenipa tena ufunguo. Amecheka, anasema, shika ndugu, Mungu alituchunga. Mama shefu, mukono yangu ilikatala. Nilimuambia hapana. Amekasirika, anasema mi nitamuletea maneno. Lakini kama ningeushika leo, siku ingine ningefungua tena. Mi naogopa mukono yangu mwenyewe."

"Unajua kanuni inasema nini?"

"Najua, mama. Nilimuambia bibi yangu ku simu, mbele ya kukuya hapa. Amelia."

Wanangu, nilitamani asingalikuja. Nawaambia ukweli. Kwa dakika ile nilitamani mimi nisijue kitu, nirudi kwenye chai yangu. Kalenga alikuwa na nyumba imejaa watoto, na umri wake haukuwa tena wa kutafuta kazi mpya. Angefukuzwa, angeshuka kwenye mashimo na vijana wale wachimbaji wanaopita na magunia mgongoni, avunje mawe kwa nyundo katika umri ule. Lakini sikufikiria yeye tu. Mtu amekuja kwa miguu yake mwenyewe kusema kosa ambalo hakuna aliyeliona. Akifukuzwa kwa sababu amesema, kikosi changu kitajifunza nini? Kitajifunza kufunga kifuniko juu ya spana iliyoanguka. Na safari hii ndani ya gia atakuwemo mtu.

Nilimpigia mkurugenzi, maana jambo la kufuli huwezi kulala nalo. Yeye alikuwa mgeni kutoka mbali, mtu mkavu lakini si mbaya. Akanijibu kwa Kifaransa chake kwamba kanuni iko wazi na kwamba Jumatatu asubuhi atakuja mwenyewe kuchukua kitambulisho cha Kalenga. Nikamwomba aje karakanani, si ofisini. Akauliza kwa nini. Nikasema atakuja kuona, na kusema kweli hata mimi sikujua ataona nini.

Jumatatu niliwaita wote mapema, kabla ya kushika vyombo, kwenye ile meza tunayolia mikate. Kalenga alisimama mwisho, Assani akasimama mbali naye, kampa kisogo. Nikaeleza kilichotokea, maana Kalenga mwenyewe alikuwa amenipa ruhusa. Kisha nikasema, "Mwenye iko na ufunguo ya mwenzake, atie hapa mezani. Sitaandika jina. Sitauliza. Hakuna mutu atakufa njaa juu ya ufunguo yenye inalala hapa leo."

Ahadi hiyo haikuwa yangu kutoa. Sikuwa nimemuuliza mtu. Mtu mmoja akakohoa, mwingine akajikuna. Nikaanza kuona aibu, nikidhani nimejivua nguo bure.

Assani ndiye aliyesogea kwanza. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo mdogo wenye uzi mwekundu, akauweka mezani. "Hii ni ya Kalenga," akasema, macho chini. "Siku ya mazoezi ya kwaya, yeye njo ananiachiaka."

Baada ya hapo zikaanza kumwagika. Wa huyu kwa yule kwa sababu ya matanga, wa yule kwa huyu kwa sababu ya kliniki ya mtoto, wa mwingine kwa sababu tu mwenzake anapenda kwenda kununua maandazi getini. Zililia mezani moja baada ya nyingine. Wote hawa ni watu wazuri, wote walikuwa wanasaidiana, na wote walikuwa wanatembea na roho ya mwenzao mfukoni pamoja na chenji.

Mkurugenzi aliingia akakuta meza ile. Akauliza hizi ni nini. Nikamwambia, tena sikupunguza kitu, hata ahadi yangu niliisema. Uso ukamwiva. Nikasema, "Bwana mkurugenzi, ukimfukuza Kalenga leo, funguo hizi zitarudi mifukoni kabla hujafika kwenye gari lako, na mimi sitaziona tena."

Alimgeukia Kalenga, akamuuliza kama kuna mtu yeyote aliyemwona siku ile. Kalenga akasema hapana. Sasa mbona umesema, mkurugenzi akamuuliza.

"Sababu Ijumaa ingine itakuya," Kalenga akajibu.

Mkurugenzi akatoka nje. Tulimwona kwa dirisha akitembea kando ya mkanda, mikono nyuma, mpaka kwenye ile ngoma ya chini. Aliinama akachungulia pale Assani alipokuwa ametambaa. Alikaa ameinama muda. Aliporudi, vumbi lilikuwa kwenye magoti ya suruali yake nzuri, akaniambia hawezi kuliacha hivi hivi.

"Sijaomba uliache," nikasema. Na hapo, wanangu, ndipo wengi wenu mnapochanganya. Kumhurumia mtu si kumfutia kosa. Nilimwambia kwamba Kalenga asimamishwe kazi kwa muda bila mshahara, na liandikwe. Assani apewe onyo la maandishi, kwani ufunguo haukuruka wenyewe kutoka mfukoni mwake. Funguo za mezani zisamehewe, kwa kuwa zimetolewa kwa hiari. Kazi ya Ijumaa ipangwe ili sala iwe na nafasi yake na kufuli limngoje mwenyewe. Na kuanzia leo atakayeshika ufunguo wa mwenzake, mimi mwenyewe nitakuja ofisini na kitambulisho chake, hata awe mtoto wa dada yangu. Mkurugenzi akafikiri, akakubali. Kisha akanipa na mimi demande d'explication, kwa kutoa ahadi bila ruhusa. Nikaijibu bila mama mkwe wala kisima.

Msidhani ilikuwa tamu. Adhabu ya haki nayo inauma. Mke wa Kalenga nilikutana naye sokoni, akageuza uso kwenye tomato hata salamu hakunipa. Nilikubali. Angefanya nini, alikuwa na vyungu vya kujaza. Nilituma unga wa mahindi kwao kupitia kwa jirani, bila kusema umetoka wapi, na hilo halimo kwenye kanuni yoyote, ila nawaambia mjue.

Siku Kalenga aliporudi kazini, wenzake hawakujua waweke wapi macho. Hapa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa mashefu wengi huharibu kazi nzuri waliyoanza. Adhabu lazima iwe na mwisho, na mwisho huo uonekane. Nilikuwa getini kabla yake, nikamsalimia wa kwanza kwa jina. Sikumpa ufagio. Nikamtuma kwenye mkanda ule ule, kazi ile ile, na Assani yule yule. Mtu mmoja alitaka kumtania juu ya makufuli, nikamkata jicho moja tu, akakumbuka ana kazi mahali. Assani na Kalenga waliondoka bila kuzungumza, kila mmoja na kisanduku chake, na moyo wangu uliwafuata.

Ijumaa ya wiki hiyo tulikuwa tumepanga kazi ipite saa ya sala. Lakini wale wawili, kwa kuwa hawakuwa wanapiga porojo, walimaliza mapema kuliko tulivyopanga. Assani aliangalia jua, akanawa mikono kwenye bomba, akavaa kanzu juu ya ovaroli, akaenda. Ufunguo akaenda nao. Mafundi wengine wakaondoa makufuli yao, na pale penye swichi likabaki moja tu linaning'inia, lenye jina lake.

Simu ya kabini ikalia. Nilinyoosha mkono, Kalenga akawahi.

"Ee, tumemaliza," akasema. "Hapana, musiwashe. Kadena ya Assani bado imefunga. Eko ku musikiti."

Nilisikia sauti ya upande wa pili ikipanda. Mutu moya? Mkanda mzima, kiwanda kizima, kwa mutu moya?

"Ee. Mutu moya. Tunamungojea."

Yule akasema atampigia mkurugenzi. "Umuite," Kalenga akajibu, akarudisha simu. Haikuchukua muda ikalia tena. Safari hii Kalenga alisimama wima kabisa, kama anaonekana kwa waya. Alisikiliza, akasema maneno machache, akaweka simu chini.

"Mkurugenzi amesema nini?" nikamuuliza.

"Ameuliza kama ufunguo iko na miye."

"Na wewe?"

"Nilimuambia haiko." Akameza mate. "Amesema, basi mumungojee."

Akaketi juu ya kisanduku cha spana, akafunika uso na viganja vyake vyenye grisi. Mimi pia nilikuwa nalia, na sikuona haya. Mafundi wote walikaa chini mmoja mmoja kandokando ya mkanda uliotulia, na ilikuwa mara ya kwanza mimi kusikia ndege wakiimba kwenye kiwanda kile.

Baadaye Assani akatokea kwa mbali, geti la chini. Alipoona watu wote wameketi na mkanda umekufa kwa ajili yake, akaanza kukimbia, kanzu inampiga magotini, mkono mmoja tayari mfukoni anatafuta ufunguo. Kalenga akainuka na kuweka mikono mdomoni, na ile sauti ya kwaya ikajaza bonde lote.

"Usikimbie, ndugu! Kuya polepole. Bila weye haiwake!"